Nani Anasahihisha? Wikimania, Wahesabu Makala na Kiswahili



Agosti 2025 jiji la Nairobi lilipokea Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa watu wanaoandika na kuhariri Wikipedia kwa kujitolea. Ulikuwa wa ishirini tangu ule wa Frankfurt wa mwaka 2005, na wa kwanza katika Afrika Mashariki. Kabla ya hapo Afrika iliuona Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018. Historia hiyo inafahamika, sitaikalia. Kinachonileta mbele yenu ni hoja inayozuka kila mkutano wa namna hii unapokaribia, tena kutoka vinywani mwa watu makini. Wanasema kamusi elezo huandikwa mtandaoni. Mhariri wa Bukavu hana haja ya kupanda ndege ili asahihishe aya. Fedha za tiketi na hoteli zingetosha kununua vifurushi vya data vya mwaka mzima na kuzaa maelfu ya makala. Kipimo chao ni kimoja tu: makala zimeongezeka ngapi? Kama hazijaongezeka, basi watu walikwenda kutembea.

Tukichukulie kipimo hicho kwa uzito wake wote, tuone kinatufikisha wapi. Ikiwa wingi wa makala ndio afya ya lugha, basi baada ya Kiingereza lugha yenye afya kuliko zote ni Kisebuano cha Ufilipino, ambacho Wikipedia yake ina makala zaidi ya milioni sita. Sehemu kubwa mno ya makala hizo ni kazi ya Lsjbot, programu iliyotungwa na Sverker Johansson wa Uswidi, inayochota taarifa za viumbe na za majina ya mahali kwenye hifadhidata na kuzipachika katika sentensi zilizokwisha kuandaliwa. Kabla yake, mwaka 2007, Volapük, lugha ya kubuni yenye wasemaji wachache mno, ilivuka makala 100,000 kwa njia hiyohiyo ya programu. Mshangao ulikuwa mkubwa hata ikapendekezwa Wikipedia hiyo ifungwe, pendekezo ambalo halikupita. Mwenye kuhesabu makala hana budi kutuambia kwamba Volapük ilikuwa imestawi kuliko lugha nyingi zinazosemwa na mamilioni. Hatuambii hivyo, maana anajua kwamba haiwezekani. Lakini bado kipimo anakishikilia.

Najua jibu lake. Atasema hizo zilikuwa programu za zamani, na kwamba mashine za leo zinatafsiri vizuri zaidi. Basi na tuweke mashine kando kabisa. Agosti 2020 iligundulika kuwa makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti zilikuwa zimeandikwa au kuguswa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa bado mtoto, akawa anachukua Kiingereza na kukibadilisha tahajia na neno hapa na pale. Nia yake haikuwa mbaya, na bidii yake ingetosha watu kumi. Kasoro ilikuwa nyingine: kwa miaka mingi hapakuwa na wasemaji wa kutosha wa Kiskoti waliopita nyuma yake na kusema, ndugu, hatusemi hivi. Jambo hilo lilipolipuka ndipo wasemaji walipoitana kuhariri kwa pamoja. Kwa hiyo kosa la Kiskoti halikutoka kwenye chombo cha kuandikia. Lilitokana na kukosekana kwa msomaji wa pili, na msomaji wa pili hanunuliwi kwa kifurushi cha data.

Tusiwacheke Waskoti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imejaa makala fupi za kata za Tanzania, zile ambazo wenyeji wa mradi huziita mbegu. Zifungue kumi mfululizo. Kila moja inakuambia kwamba hii ni kata ya wilaya fulani, mkoa fulani, kisha inakupa idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa: wakazi “wapatao” kadhaa, na tarakimu inayofuata imeshuka hadi mtu mmoja mmoja, halafu inaongezwa kwamba hao wakazi ni “waishio humo”. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angepitisha kalamu nyekundu mara mbili katika sentensi hiyo. Kadirio haliambatani na hesabu kamili, na mkazi anayeishi kwingine bado hatujamwona. Sentensi hiyo imesambaa katika makala nyingi kwa sababu ilinakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kwa mhesabu makala, hayo ni mafanikio makubwa.

Cha ajabu ni kwamba mradi wenyewe unajua, mlangoni, kwamba wingi wa makala hautoshi. Lugha inayoomba Wikipedia mpya hukaa kwanza katika uwanja wa majaribio, na kamati ya lugha hutazama kama kuna kundi la watu wanaoendelea kuandika kwa miezi kadhaa. Kabla ya kukubaliwa, mjuzi wa lugha huulizwa kama maandishi yale ni lugha hiyo kweli. Mlangoni wanahesabiwa watu na kupimwa lugha. Ukishaingia ndani, zinahesabiwa makala.

Na mashindano? Mwaka 2009 Google iliwaalika wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili kwa kushindania zawadi. Makala zilikuja kwa mamia. Ila zawadi humlipa mtu kwa kuandika. Haimlipi kwa kurudi wiki inayofuata kubishana juu ya sentensi ya mwenzake.

Na ubishi wa wahariri hauishii kwenye sentensi; unafika hadi nini kihesabiwe kuwa ushahidi. Hapa ndipo ninapofika kwenye utafiti ambao ningependa kila mwanafunzi wa isimu jamii ausome, nao ni wa Heather Ford kuhusu Makmende. Machi 2010 kikundi cha Just a Band cha Nairobi kilitoa video ya wimbo wa Ha-He, na shujaa wake, Makmende, akavuma Kenya nzima: mizaha, picha za kuchezewa, mazungumzo ya matatu na ya ofisini. Wakenya wakamwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa. Ikaandikwa tena, ikafutwa tena, hadi hatimaye ikaachwa. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba Ford hatafuti mbaguzi wa kumnyooshea kidole. Anafuata kumbukumbu za ufutaji na majadiliano, na kuonyesha watu waaminifu wakitumia kanuni zao sawasawa na bado wakikosea, kwa sababu ushahidi wanaoujua ni gazeti na kitabu, na jambo lililojulikana na nchi nzima halikuwa bado limefika huko. Mwaka uliofuata Achal Prabhala na wenzake walilisukuma swali hilo mbele kwa filamu ya People are Knowledge: je, maelezo ya mdomo, kwa mfano ya mchezo wa watoto wa kijijini, yanaweza kurekodiwa na kutumika kama rejeo? Walilijaribu kwa Kihindi, Kimalayalam na Kisotho cha Kaskazini. Kwa jamii ambazo sehemu kubwa ya elimu yake i midomoni mwa wazee, sijui swali kubwa kuliko hilo.

Swali kama hilo halijibiwi na mtu mmoja mbele ya kompyuta yake, na ndiyo maana natetea mikutano. Kanuni za ushahidi ni mapatano ya watu, na mtu hupatana upesi na yule aliyekaa naye meza moja. Anayedhani kwamba Wikipedia ndogo ni tafsiri tu ya ile kubwa, hivyo haina cha kujadiliana, na asome Brent Hecht na Darren Gergle: mwaka 2010 walilinganisha lugha 25 na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 74 ya dhana zimeelezwa katika lugha moja peke yake.

Pingamizi moja nalikubali. Mikutano hii huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, viza huwakwamisha wengi, na sura zinazosafiri mara nyingi ni zilezile. Hoja hiyo lakini inadai mikutano mingine, midogo na ya karibu. WikiIndaba, mkutano wa Waafrika ulioanzia Johannesburg mwaka 2014, ni hatua, ingawa nao hauwezi kufanya kazi ya Kiswahili kwa niaba yetu. Tunahitaji kikao kinachoendeshwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, Mkongomani na Mzanzibari wakigombana juu ya sentensi moja mpaka waelewane.

Kwa hiyo naziomba idara za Kiswahili, kuanzia Dar es Salaam hadi Lubumbashi, zifanye mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa uzamili waruhusiwe kutafiti kurasa za majadiliano na historia za mabadiliko kama matini halali za lugha. Pili, kila kongamano la Kiswahili litenge siku moja ya kusahihisha yaliyokwisha kuandikwa, bila kuongeza makala hata moja. Tuanze na zile za kata.