Namna Nchi Ichaguavyo Wimbo Wake

Leo nataka kuwaelezeni jinsi nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya, ilivyochagua wimbo wenye jina la Kiswahili uisimamie mbele ya mataifa.

Tangu mwaka 1956 nchi za Ulaya hushindana kwa nyimbo katika mashindano yaitwayo Eurovision. Kila nchi hupeleka wimbo mmoja tu, nao hauruhusiwi kupita dakika 3. Kwa hiyo kazi ngumu huanza nyumbani: katika nyimbo nyingi, ni upi utakaosimama kwa ajili ya wote? Nchi nyingine huwaachia wakuu wa utangazaji wachague. Nyingine huwauliza watu wenyewe.

Mwaka 2011 Norwei iliwauliza watu. Nyimbo 21 zilichujwa katika miji mbalimbali, watu wakipiga kura kwa simu, hata zikabaki chache zilizoimbwa mjini Oslo tarehe 12 Februari. Aliyeshinda ni Stella Mwangi, binti aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986 na kuhamia Norwei pamoja na jamaa zake angali mtoto. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba", kwa mithali yetu isemayo haba na haba hujaza kibaba. Beti zake zilikuwa za Kiingereza, na kiitikio chake cha Kiswahili. Sheria iliyolazimisha kila nchi kuimba kwa lugha yake ilikwisha ondolewa mwaka 1999. Basi watu wa Norwei, ambao wengi wao hawakijui Kiswahili, wakaupokea wimbo ule kuwa wao.

Je, ulishinda huko mbele? La. Tarehe 10 Mei, mjini Düsseldorf katika Ujerumani, ulipata alama 30 ukawa wa 17 katika nyimbo 19 za nusu fainali yake, wala haukuendelea. Hapa pana fundisho. Kura ya nyumbani huonyesha kipendwacho nyumbani; haiwezi kuagua moyo wa mgeni. Hata hivyo, siku ile Kiswahili kilisikiwa katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Nasi Wagogo tuna mfano wetu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze na ilimba mbele ya watu wa Ulaya, akaimba Kigogo, nao wakamsikiliza kwa heshima.

Sasa fikirini: kama siku moja tungeambiwa tupeleke wimbo mmoja, tungechagua upi? Wazee wangetaja mmoja, vijana mwingine, na akina mama wangeleta ngoma yao ya muheme. Mabishano hayo yangekuwa mema. Hatari ni watoto kukosa wimbo wa kutaja kwa sababu hawakufundishwa. Basi, enyi wazazi, wafundisheni jioni hii hii. Maana achaguaye sharti awe na vya kuchagua.

Kwa herini.