Mashine Ikinyamaza, Gari Halijafa

(Mada iliyotolewa kwa wamiliki wa magari na mafundi wa gereji)



Mwenye gari kuukuu huujua mkasa huu. Taa ya injini imewaka na gari limekosa nguvu. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, nayo inaandika kwamba haikupata mawasiliano. Hukumu hutolewa papo hapo: "Kontroli boksi limekufa." Mwenye gari, ambaye riziki ya nyumba yake hutoka katika gari hilohilo, anauza mbuzi ili anunue boksi jingine. Likishafungwa, mashine inanyamaza vilevile.

Ukimya wa mashine si ushahidi wa kifo cha boksi. Ili viwili hivyo vizungumze, lazima pawepo umeme, lugha moja na njia iliyo wazi. Kila kimoja hupimwa kwa zamu yake.

Kwanza ni umeme. Katika soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, tundu namba 16 huleta umeme wa betri, na namba 4 na 5 ni za ethi. Mashine isipowaka kabisa, fundi aanze na fyuzi. Katika magari mengi, fyuzi ya soketi hiyo ndiyo ya kiwashio cha sigara pia, na chaja mbovu ya simu huweza kuiunguza. Mashine ikiwaka lakini isipate mawasiliano, ahakikishe kwamba swichi imefunguliwa mpaka taa za dashibodi ziwake, na kwamba betri si dhaifu.

Pili ni lugha. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa upimaji kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Mitumba mingi iliyopo nchini ilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako sheria hizo hazikufika. Gari la aina hiyo laweza kuwa na soketi ya matundu 16, lakini likazungumza lugha ya kiwanda chake peke yake. Mashine ya bei nafuu haitaielewa. Katika Toyota nyingi za zamani, fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya katika kisanduku kilicho chini ya boneti, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akahesabu mikonyezo ya taa. Asome kwanza maandishi ya kifuniko. Kubahatisha tundu huweza kuunguza kifaa kizima.

Tatu ni njia. Waya hukatwa au hubanwa wakati wa kufunga redio na kengele za wizi. Vilevile, vihisi kadhaa hupewa volti 5 na boksi. Kimoja kikipiga shoti, huweza kulinyamazisha boksi zima. Fundi huvichomoa kimoja kimoja huku akiitazama mashine. Mwisho hupima fyuzi, rilei na ethi za boksi lenyewe. Hayo yote yakiwa salama, ndipo boksi lishukiwe.

Ipo lawama ya kugawana. Wamiliki wengi hulipa kwa moyo mmoja pale wanapokiona kipuri kipya mkononi, lakini hukataa kulipia saa mbili za kupima. Fundi aliyezoea hivyo hujifunza kutaja kipuri upesi. Anayelipia upimaji hununua ukweli, nao mara nyingi ni nafuu kuliko boksi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwenye gari aulize mambo matatu: soketi ina volti ngapi? Mashine hii inaijua lugha ya gari hili? Waya na vihisi vimepimwa? Fundi mwenye majibu hatakasirika, na asiye nayo bado hana aibu kusema, "Ngoja kwanza nipime."