Kompyuta ya Zamani Inapokatakata Sauti

Ndugu wananchi wa Gando,

Baadhi yenu hurekodi kasida, maulidi na mawaidha kwa kompyuta za zamani. Sauti ikikatika katikati ya rekodi, huambiwa kwamba mashine imekwisha na inunuliwe nyingine. Tunawashauri msitoe fedha kabla ya kuichunguza diski.

Diski inayozunguka ikikaribia kujaa, faili mpya hugawanywa vipande na kuwekwa popote penye nafasi. Kichwa cha diski hulazimika kwenda huku na huko, na sauti huweza kukatika. Saa moja ya sauti ya stirio isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 600, hivyo nafasi huisha upesi.

Kwanza, nakilini rekodi zote kwenye diski nyingine. Pili, futeni yasiyohitajika, mbakishe walau asilimia 15 ya nafasi. Tatu, endesheni programu ya kupanga faili iliyomo ndani ya Windows, hailipiwi. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, basi iacheni imalizike kabla ya kurekodi.

Diski ikigonga-gonga, msiipange: huenda inaharibika. Okoeni rekodi kwanza. Diski ya kisasa isiyozunguka haihitaji kupangwa hivyo. Fundi akiwatoza kwa kazi hiyo, mtakeni aeleze sababu, kisha mdai risiti.

Kompyuta nyingine yaweza kununuliwa, lakini sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hairekodiwi mara ya pili.