Je, Mahindi Yalitoka Bara Hindi?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni "mahindi." Mtasema, "Ala! Nani asiyejua mahindi?" Ni kweli. Tunayapanda, tunayapalilia, tunayavuna na tunayala. Lakini jina lake je? Tumewahi kuuliza lilikotoka?

Swali hili lilizaliwa darasani kwetu. Jioni moja mama mmoja mtu mzima, aliyejifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, alikwenda mbele kuandika. Akaandika ubaoni "Mhindi," yaani mtu wa Bara Hindi. Chini yake akaandika "muhindi," yaani mmea wa shambani. Kisha akatugeukia, akauliza, "Mbona majina haya ni ndugu? Lipi lilimzaa mwenzake?" Darasa zima tukacheka. Halafu tukanyamaza, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye jibu. Ikabidi tutafute. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, mahindi hayakuanzia Bara Hindi. Wala hayakuanzia Afrika. Yalianzia upande wa kusini wa nchi ya Meksiko, katika bara la Amerika. Yapata miaka 9,000 iliyopita, wakulima wa huko walianza kupanda nyasi fulani za mwituni. Suke lake lilikuwa dogo kama kidole, lenye punje chache, na kila punje ilikuwa ndani ya ganda gumu. Wakulima wale walichagua punje bora wakazipanda. Msimu uliofuata wakachagua tena. Watoto wao wakairithi kazi hiyo, na wajukuu, na vitukuu, kwa maelfu ya miaka, mpaka hindi likawa kama tunavyolijua.

Hebu chukueni hindi mlitazame. Punje zimeshikamana na gunzi, na juu yake pana maganda. Likiachwa peke yake haliwezi kuzitawanya mbegu zake. Lazima awepo mtu wa kulimenya, kulipukuchua na kuzipanda. Basi hindi ni kazi ya mikono ya wakulima kama sisi.

Pili, tutazame safari yake. Mwaka 1492 baharia Christopher Columbus, aliyetumwa na wafalme wa Hispania, alifika katika visiwa vya Karibi. Wenyeji wa huko, Wataino, walikuwa wakilima mmea huu wakiuita "mahiz." Wahispania wakalichukua neno hilo. Waingereza nao wakalipata kwao, wakasema "maize." Mbegu zikapanda meli, zikaenda Ulaya na nchi nyingine.

Mwaka 1498 meli za Wareno zikiongozwa na Vasco da Gama zilipita Mombasa na Malindi zikielekea India. Katika miaka iliyofuata Wareno ndio waliosaidia sana kuyaeneza mahindi katika Afrika. Kwa hiyo, ndugu zetu, mahindi hayajatimiza hata miaka 600 katika nchi zetu hizi.

Tatu, basi kwa nini tuseme "mahindi"? Watu wa pwani walikuwa wakifanya biashara na India kwa mamia ya miaka. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Nguo na shanga nyingi zilitoka huko. Nafaka ngeni nayo ilipofika kwa njia ya bahari, ikapewa jina la ng'ambo waliyoijua.

Msidhani ni sisi tu tuliokosea. Waturuki huyaita mahindi "mısır," na Mısır kwao ni nchi ya Misri. Ukiwauliza Wamisri, wao husema ni mtama wa Shamu, yaani wa upande wa Siria. Waitalia nao husema "granoturco," yaani nafaka ya Kituruki. Kila mmoja anamwonyesha jirani yake kidole! Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtaja mkulima wa Meksiko.

Na si mahindi peke yake. Viazi mviringo tunaviita viazi Ulaya. Kumbe asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wazungu walivipata huko, ndipo vikaja kwetu mikononi mwao. Pilipili manga je? Manga ni Arabuni, lakini pilipili hiyo asili yake ni kusini ya India. Waarabu walikuwa wafanyabiashara wake wakubwa.

Wazee wenzetu mtakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Chakula kilipopungua nchini Tanzania, yaliletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Tuliuitaje unga wake? "Unga wa Yanga"! Ni kwa sababu ya rangi ya jezi za timu ile. Sasa, je, Yanga walikuwa na shamba la mahindi? Hawakuwa nalo.

Basi hapo ndipo tulipopata jibu la mama yetu. Jina la chakula mara nyingi hutuambia nani alikibeba, au watu walidhani kimetoka wapi. Halituambii nani alikilima kwanza. Mwenye meli akapata jina, mwenye jembe akasahauliwa.

Tulipomweleza hayo, yule mama alifikiri kidogo. Kisha akauliza swali la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Kama mahindi ni mgeni, mwenyeji ni nani?"

Ndugu zetu, mwenyeji ni mtama. Mtama ulianza kulimwa katika Afrika hii hii, upande wa Sudani, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ulezi nao ni wa Afrika, wa nchi za milimani za Ethiopia na Uganda. Uwele ni wa Afrika Magharibi, pembezoni mwa jangwa la Sahara. Hizi ndizo nafaka zilizowalea babu zetu kabla meli ya Mreno haijaonekana.

Lakini leo tunaziitaje? Tunasema "chakula cha njaa." Mtu akipikiwa ugali wa mtama anaona haya mbele ya wageni. Hata sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa hivyo. Yule mama alikuwa na kibuyu cha mbegu za mtama alichokitundika juu ya moshi wa jiko. Kila mwaka alipanda kipande kidogo. Sisi tulimcheka. Tukasema ni mambo ya kizamani.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Mahindi yetu yalikuwa yakitoa mbelewele na ndevu. Hapo ndipo hindi linapohitaji maji kuliko wakati wowote. Yakikosekana, unapata gunzi lenye punje za kuhesabu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mtama wa mama ulikunja majani yake ukasubiri. Yaliponyesha manyunyu machache, ukaendelea kukua. Yeye akavuna. Msimu uliofuata sisi tuliokuwa tukimcheka tulikwenda kupiga hodi kwake, bakuli mkononi, kuomba mbegu. Hakututukana. Alitupimia kila mtu kidogo kidogo, maana kibuyu kilikuwa kimoja. Kama naye angeona haya kama sisi, ile mbegu tungeipata wapi?

Hatusemi mtu aache mahindi. La! Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mahindi tumeyapa jembe, nayo yamefanya kazi. Yamejaza vihenge vyetu na kusomesha watoto. Tena yana faida yake: maganda huyakinga na ndege. Mtama unataka mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri, na siku hizi watoto wako shuleni. Hilo ni tatizo la kweli. Kwetu tumekubaliana kupanda mashamba ya mtama jirani jirani na kwa siku moja, ili tuamie kwa zamu.

Tunalosema ni hili. Mgeni asimtoe mwenyeji nyumbani. Kama mahali penu mvua si ya kuaminika, tengeni sehemu ya shamba kwa ajili ya mtama au uwele. Na mbegu za wazee msizitupe. Waulizeni wazee wenu majina ya mbegu hizo, muyaandike kwenye daftari, kila jina na sifa zake: ipi hukomaa upesi, ipi hupendwa na ndege, ipi hufaa kwa uji. Kalamu mnazo sasa. Mkulima wa Meksiko hakuandikiwa jina lake. Nasi tukinyamaza, mbegu zetu zitapotea pamoja na majina yake.