Ngoma, Siwa na Bendera: Maneno Yaliyosemwa kwa Walimu na Washarika huko Kizimbani



Tumetakiwa tuseme juu ya watawala wa kisiwa hiki na alama za enzi yao. Kazi hiyo tumeizoea, kwa maana mara nyingi tumealikwa shuleni na barazani kuisimulia. Lakini leo twapenda kuanza kwa kuungama kosa.

Miaka iliyopita tulisimama hapa Kizimbani, mbele ya hamamu ya kale, pamoja na watoto wa shule. Tukawapa habari za Shahrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, aliyeolewa na Sayyid Said. Tukasema ya kuwa hamamu hii ndiyo aliyojengewa. Watoto wakafurahi, nasi tukafurahi kwa kusikilizwa. Mzee mmoja wa hapa alingoja hata tulipomaliza, ndipo akatuita kando kwa adabu, akasema, "Mwalimu, maneno yako matamu. Lakini hamamu ya bibi yule ni ile ya Kidichi." Alisema kweli. Ya Kidichi ina nakshi za maua na mimea kwa kazi ya Kiajemi. Hii yetu kuta zake ni tupu. Tungalizitazama kuta kabla ya kufungua kinywa, tusingalikosa. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao, na huenda wengine waisimulia vivyo hivyo hata leo.

Tangu siku ile tumejua ya kuwa asemaye habari za wafalme ana deni. Huko London kiko chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1484, nacho kazi yake ni kuandika na kulinda alama za nasaba. Mwenye shaka huweza kuuliza, vitabu vikafunguliwa. Kwetu sisi sehemu kubwa ya habari hizo ilikaa midomoni mwa wazee. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tazameni mambo ya Dunga. Huko alikaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja. Muhammad bin Ahmed alijenga jumba lake, likamalizika mwaka wa 1856. Alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa za mti zilizochongwa kwa ustadi. Muhammad alifariki mwaka wa 1865, na mwanawe Ahmed mwaka wa 1873, wala hakutawazwa mwingine baada yake. Vyombo vile vikapelekwa mjini, vikahifadhiwa makumbusho. Wazee walisimulia ya kwamba ngoma zile zilikuwa zikilia zenyewe hatari ilipokaribia. Je, msemaji aseme nini? Na aseme hivi: "Ngoma zilionwa; kulia zenyewe, twasimuliwa." Neno hilo moja, twasimuliwa, haliondoi utamu wa hadithi, bali humwachia msikilizaji akili yake.

Tazameni tena bendera. Zamani bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, katikati yake paliwekwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Bendera hiyo haikupepea sana: tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, naye Sultani Jamshid akaondoka, hata akafariki huko Oman mwaka wa 2024.

Na karafuu zile zilitoka wapi? Zatuhusu sisi wa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Saleh bin Haramil alipanda mikarafuu Mtoni na hapa Kizimbani, kisha Sayyid Said akamnyang'anya mashamba. Lakini mikono iliyopanda, ikapalilia na kuchuma, ilikuwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara. Soko lao mjini lilifungwa mwaka wa 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria hata mwaka wa 1897. Majina yao hayakuchorwa juu ya siwa wala juu ya bendera. Basi asifuye zile karafuu mbili, asiwataje waliozichuma, amesema nusu ya habari.

Wala tusiitaje nusu hii ya pili kwa kutukana. Wanaotusikiliza ni wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa wachumaji. Huketi katika darasa moja. Tukiwatukuza wa kwanza tu, twawaumiza wa pili. Tukiwadharau wa kwanza, twapanda chuki katika mioyo ya watoto ambao hawakutenda neno.

Walimu wenzetu, vijana wengi wa Kizimbani hupata riziki yao kwa kuwatembeza wageni katika mashamba ya viungo. Mgeni hupenda habari za wafalme, na mwenye kutia chumvi huenda akapewa zaidi. Vijana hao walikuwa wanafunzi wetu. Kama tuliwafundisha kupamba, watapamba. Kama tuliwafundisha kutazama ukuta kwanza, watatazama.

Na akiwapo mzee wa kutuita kando, tusikasirike. Tumshukuru, kisha tuwafuate watoto upesi, tukawaambie, "Tulikosa." Siku ile sisi hatukuwafuata. Ninyi wafuateni.