Nyumba Haisimami Juu ya Mpaka Wenye Ugomvi

Mazungumzo juu ya kazi ya Serikali na ya vyama vya hisani katika kuwarudishia watu makao

Wasikilizaji, mtu asiye na nyumba mjini hujulikana upesi. Hulala penye baraza ya duka, na kila apitaye asubuhi humwona. Katika nchi ya mashamba haonekani hivyo. Huingia kwa shemeji au kwa mjomba, akapewa pembe ya jiko na mkeka, na majirani husema, "Fulani yupo kwa jamaa zake." Kwa kuwa yupo kwa jamaa, hapana amhesabuye. Lakini mtu huyo hana mlango wake, hana shamba lake, wala hajui watoto wake watalala wapi mvua ya masika ikianza.

Watu wa Kapsokwony, katika miteremko ya Mlima Elgon, hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Tangu mwaka 2006 hata mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu wa mlima huo waliacha nyumba zao. Wengine walikimbilia Kapsokwony na Cheptais, wengine wakashuka Bungoma na Kitale, na wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda. Yaliyowapata yafaa kutazamwa kwa makini, kwani yanaonyesha wazi kazi ipi ni ya Serikali, ipi ni ya vyama vya hisani, na hasara inayotokea kazi moja ikifanywa bila ya nyingine.

Asili ya mambo

Ugomvi wa mwaka 2006 haukuanza mwaka huo. Mwaka 1968 mbuga za juu za Chepkitale, penye baridi kali, zilitengwa ziwe hifadhi ya wanyama. Watu wa Mosop, yaani watu wa juu, ambao huitwa pia Waogiek, walikuwa wakichunga na kurina asali huko tangu zamani. Iliwapasa kuhama. Mwaka 1971 Serikali ilikata sehemu ya msitu huko Chebyuk, upande wa Kopsiro, iwe makao yao mapya. Lakini watu wa Soi, yaani watu wa chini, nao walikuwa na haja ya ardhi, wakaingia. Ugawaji ukafanywa, ukavunjwa, ukafanywa tena. Ikawa sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtu alilima shamba miaka mingi, akapanda kahawa, akazika wazazi wake pale, naye hana hati mkononi.

Ilipofika zamu ya kugawa sehemu ya tatu, waombaji walikuwa maelfu na mashamba hayakutosha. Waliokosa walikasirika, na baadhi ya vijana wakaingia msituni na bunduki, wakajiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaot. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na kwa makadirio ya watetezi wa haki za binadamu zaidi ya watu 600 waliuawa. Mwezi Machi mwaka 2008 Serikali ilipeleka askari wa jeshi katika kazi iliyoitwa Okoa Maisha. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka huo huo kwamba raia waliumizwa na waasi, na kwamba waliumizwa na askari pia. Jambo hilo halifai kufichwa, kwa sababu mtu aliyeumizwa na yule aliyetumwa kumlinda hukawia sana kurudi nyumbani, hata akiambiwa kuwa amani imekuja.

Msaada wa usiku wa kwanza

Mtu aliyekimbia usiku hana haja ya hati usiku ule. Ana haja ya blanketi, sufuria, maji safi na dawa ya mtoto. Katika kazi hiyo vyama vya hisani vina wepesi. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kiligawa chakula na vifaa vya nyumbani, na Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likatibu wagonjwa na majeruhi. Kisha jamaa na majirani, ambao hawana bendera wala magari, waliwapokea watu wengi kupita kambi zote.

Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, taabu ya nyumba ilienea Kenya nzima. Kule Kitale, uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya mahema. Kwa hesabu ya Serikali, watu kiasi cha 350,000 walikaa katika kambi 118, na wengine zaidi ya 300,000 walihifadhiwa na jamaa na marafiki. Mwezi Mei mwaka huo ilianzishwa kazi iliyoitwa Rudi Nyumbani. Serikali iliahidi kila jamaa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa wale ambao nyumba zao zilibomolewa, na vyama vya hisani vikasaidia kwa vifaa vya kujengea.

Mpango huo ulikuwa na wema wake, na ulikuwa na kasoro yake. Aliye kambini alionekana, akaandikwa. Aliyelala jikoni kwa mjomba hakuonekana, na wengi wa namna hiyo walilalamika kwamba hawakufikiwa na kitu. Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: hesabu ya watu wasio na makao haiwezi kufanywa na chama peke yake wala na ofisi peke yake. Chifu na naibu wake wanajua nani ametoka kijiji gani. Kanisa na Msalaba Mwekundu wanajua nani amekuja kuomba unga. Daftari hizo mbili zikiwekwa mezani pamoja, wachache sana watasahauliwa; zikikaa mbalimbali, mmoja atapewa mara mbili na mwenziwe atakosa kabisa.

Jambo lisilowezwa na hisani

Funzo la pili ni kubwa zaidi. Chama cha hisani chaweza kutoa mabati, misumari na mlango. Hakiwezi kutoa mpaka. Hakina mpimaji wa ardhi, hakina mahakama, wala hakina askari. Kikijenga nyumba mia juu ya ardhi yenye ugomvi, kimeandaa mabati mia ya kuchomwa. Kazi ya kupima, kuandika, kutoa hati na kuhukumu ni ya Serikali, na hapana mwingine awezaye kuifanya kwa niaba yake. Hali kadhalika, Serikali ikitoa hati na kumwacha mtu penye magofu bila mbegu wala jembe, hati hiyo haitamzuia kurudi mjini kuomba.

Sheria imekwisha kutambua jambo hili. Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga na kuwasaidia watu waliohamishwa ndani ya nchi. Sheria hiyo inaweka mzigo wa kwanza juu ya Serikali, inafanya kuwa kosa kumhamisha mtu bila haki, na inataka vyama na waliohamishwa wenyewe washauriwe. Tena mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kesi ya watu wa Chepkitale kwa upande wao. Tangu mwaka 1968 hata hukumu hiyo ni miaka 54. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kuhamishwa alikuwa na wajukuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mlima huu ukuta uliojengwa ulikuwa wa gharama kubwa mno.

Upande wa pili wa mlima

Huko Uganda adui wa nyumba ni mlima wenyewe. Tarehe 1 Machi mwaka 2010 udongo uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa, na watu wengi mno walikufa. Serikali ya Uganda iliwapeleka waliookoka Kiryandongo, mbali sana na kwao. Baadaye, mwaka 2019, jamaa za kwanza zilihamishiwa nyumba mpya huko Bunambutye, katika wilaya ya Bulambuli, chini ya mlima ule ule. Hata hivyo baadhi ya waliohamishwa walirudi juu, kwa kuwa makaburi na migomba yao iko huko. Haitoshi kumjengea mtu nyumba. Sharti aulizwe atakula nini pale, na shule na zahanati ziwe karibu.

Yampasayo mwananchi

Yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila kungoja. Mwenye kumhifadhi jamaa aliyefukuzwa amtaje kwa chifu, jina lake na kijiji chake, asione haya. Mwenye kununua shamba asitoe fedha kabla ya kuuliza ofisi ya ardhi na majirani wa mipaka yote. Mwenye barua yoyote ya ugawaji aitunze mahali pakavu, na nakala yake aiweke kwa mtu mwingine. Wazee wanaojua mipaka waionyeshe kwa vijana hadharani, wakati wa amani, wasingoje wakati wa hasira.

Wazee husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chama chenye blanketi na ofisi yenye hati ni vinga viwili. Waliokwisha kuona baridi ya usiku wa Mlima Elgon wakiwa nje hawaulizi ni kinga kipi kilicho bora. Huuliza kwa nini vimewekwa mbali mbali.