Turudi Kwenye Mchakamchaka

(Mazungumzo yaliyotolewa Jumamosi jioni katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba niseme maneno machache juu ya mbio na afya, nilimwuliza kama hakukosea mlango. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu ni majalada, madokezo na vikao. Akanijibu, "Wewe ulikuwa kwenye timu ya mbio za nyika, na tumesikia kwamba mpaka leo unakimbia." Yote mawili ni kweli, ila katikati yake ipo miaka 20 ambayo sikukimbia hata kulifuata basi. Nitazungumza juu ya miaka hiyo, na jinsi nilivyorudi.

Pale ukutani, karibu na mlango wa jiko, ipo picha ya timu yetu ya mwaka 1996. Tumesimama vijana wanane, wengi wetu miguu mitupu. Leo asubuhi nilisimama mbele ya picha ile nikahesabu. Wawili wametangulia mbele ya haki: mmoja kwa ajali ya barabarani, na mwingine, yule wa pili kutoka kushoto ambaye hakuna aliyeweza kumkamata kwenye kilima, kwa kiharusi akiwa na miaka 41. Watatu, mimi nikiwa mmojawapo, tunameza vidonge vya presha. Mmoja ana sukari. Wawili hatujapata habari zao. Ndugu Mwenyekiti, hao ndio waliokuwa na mapafu bora kuliko wote shuleni. Ikiwa sisi tumefika hapa, je, wale waliokuwa wakijificha chooni wakati wa mchakamchaka? (Kicheko.)

Niliacha mbio bila kuamua kuacha. Nilipofika Chuo Kikuu pale Mlimani nilisema nitaanza muhula ujao. Nilipoajiriwa Dar es Salaam nilisema nitaanza foleni za magari zikipungua. Nilipohamia Dodoma pamoja na wizara nilisema nitaanza nikishapata nyumba. Nyumba nikapata, na kitambi nacho kikapata nafasi ya kukaa.

Mwaka 2019 idara yetu ilifanya bonanza la michezo. Kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia kila mtu ofisini habari za mwaka 1996, mpaka mhudumu wa chai, niliandikwa kwenye mbio za mita 1,500. Ninyi nyote mnajua habari za Filbert Bayi kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974: alivyotoka mbele tangu mwanzo, wenzake wakimfukuza, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Basi na mimi nilitoka mbele kama Bayi. Tofauti ni kwamba Bayi aliendelea. (Kicheko.) Mzunguko wa pili nilisikia kitu kama jiwe kwenye shavu la mguu wa kulia. Nikageuka nimwone aliyenitupia, nikaanguka. Nilibebwa na vijana wawili wa uhasibu, ambao hawajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Hospitali muuguzi alinipima presha, akapima tena, kisha akamwita daktari. Ilikuwa 168 kwa 104. Daktari akaniambia, "Mzee, mguu utapona. Kilichokuleta hapa ni mguu, lakini ugonjwa wako ni huu." Nilikuwa na miaka 40, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mzee na mtu aliyenuna.

Nikiwa bado natembea kwa mkongojo, yule mwenzetu wa pili kutoka kushoto alinipigia simu kunipa pole. Nilimweleza habari za presha nikamwambia, "Na wewe kapime." Akacheka, akasema atapima akienda likizo, na kwamba nikipona tuanze kukimbia pamoja. Mwaka uliofuata, 2020, tulimzika. Hakuwa amepima. Sisemi kwamba kipimo kingemwokoa. Hayo ni ya Mungu na ya madaktari. Nasema kwamba presha haina kengele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asisikie hata kichwa kuuma.

Sasa, nilikosea wapi siku ile ya bonanza? Nilikimbia kwa kumbukumbu. Kichwa kilikuwa na miaka 17, miguu ina 40. Wataalamu wana hesabu ya makisio: toa umri wako kwenye 220, utapata takriban mapigo ya mwisho ambayo moyo unaweza kufikia kwa dakika moja. Kijana wa miaka 17 anapata 203. Mimi leo, kwa miaka yangu 46, napata 174. Ni makisio tu, watu hutofautiana, lakini yanaonyesha kwamba injini yenyewe imebadilika. Kadhalika misuli huanza kupungua baada ya miaka 30 ikiwa haifanyishwi kazi. Na zile kano zinazofunga misuli kwenye mifupa hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Pumzi hurudi upesi, pengine kwa majuma machache. Kano hutaka miezi. Hapo ndipo wengi wetu huumia: pumzi inatuambia twende, nasi tunakwenda, wakati kisigino hakijawa tayari.

Nilipopona nilikaa nikafikiri, na jibu nililipata mahali ambapo sikutegemea: katika mchakamchaka.

Mnakumbuka. Kengele ya alfajiri, ukungu, baridi ya huku kwetu, kiranja anapiga mlango wa bweni kwa fimbo. Tunapanga mistari, mmoja anaanzisha wimbo, wengine tunaitikia, tunateremka mpaka darajani na kurudi. Sisi wa timu ya mbio za nyika tuliudharau mchakamchaka. Tuliuona ni mbio za watu wasiojua mbio. Sasa fikirini: ni mbio gani ambazo mtu anaweza kuzikimbia huku anaimba? Ni mbio za taratibu, zile ambazo moyo unafanya kazi bila kuelemewa. Siku hizi walimu wa riadha duniani hutoa kipimo hicho hicho: ukikimbia ukashindwa kuzungumza na mwenzio, umezidisha. Na hata mabingwa wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo wa taratibu. Ule wa kasi huutumia kwa kipimo. Sisi tulifundishwa jambo hilo bure, tukadhani ni adhabu.

Basi nikaanza upya, mara tatu kwa juma, nusu saa kila mara. Dakika nne natembea, dakika moja nakimbia, kwa namna ninayoweza kuimba. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Baada ya majuma kadhaa ikawa dakika tatu kwa mbili, kisha mbili kwa tatu. Ilinichukua karibu miezi mitano kukimbia nusu saa bila kusimama. Kijana hapo nyuma atasema ni muda mrefu. Ndugu yangu, nilikuwa nimekaa miaka 20. Miezi mitano ni riba ndogo sana.

Yule mwenzetu mwenye sukari naye yuko Dodoma. Hukimbia nami kila Jumamosi, kwa ruhusa ya daktari wake, na mfukoni ana peremende endapo sukari itashuka. Tulianza kwa nguzo za umeme: nguzo moja tunakimbia, mbili tunatembea. Siku ambayo mmoja wetu hajisikii, tunatembea zote. Hatujawahi kuulizana ni dakika ngapi.

Wapo wanaoniambia umri umekwisha pita. Nawajibu kwa mfano wa mzee mmoja wa Kanada, Ed Whitlock. Alikuwa mkimbiaji ujanani kwao Uingereza, akaacha, akarudia alipokuwa amepita miaka 40, kama sisi. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, polepole, hata kwa saa mbili au tatu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza maratoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alitumia saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Wengi tunaogopa kupita makaburini. Yeye alizunguka humo miaka mingi, na hawakumpata upesi. (Kicheko.)

Na kwa uvumilivu tunaye wetu, Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo alishinda maratoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huo huo. Ilibidi picha itazamwe. Simbu alisubiri kilomita 42 na ushee ili ashinde kwa kifua. Wengine hatuwezi kusubiri hata jasho la kwanza.

Mtaniuliza juu ya magoti. Uchunguzi wa miaka mingi haukuonyesha kwamba mtu anayekimbia kwa kiasi huharibu magoti kuliko anayekaa. Uzito mwingi na majeraha ya zamani ndivyo vinavyoharibu zaidi. Lakini maumivu yasidharauliwe. Tulipokuwa wadogo tulisimuliwa habari za Mzee John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye maratoni ya Mexico City mwaka 1968, akafika uwanjani amefungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Heshima yake haitafutika. Lakini yeye alibeba nchi mgongoni. Wewe Jumanne asubuhi barabarani hukubeba nchi. Goti likiuma, rudi nyumbani.

Kwa ufupi basi, nawaachia mambo matano. Kwanza, mwenye miaka 40 na zaidi ambaye amekaa muda mrefu aonane na daktari kabla ya kuanza, na apime presha na sukari. Pili, mwendo uwe wa kuimba. Tatu, pumzika siku moja baina ya mbio na mbio, kwa maana mwili wa makamo hujijenga wakati wa kupumzika. Nne, siku mbili kwa juma fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kunyanyua visigino. Tano, ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi inakata isivyo kawaida, simama na uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje likizo. Asiyependa kukimbia atembee kwa haraka. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Dakika 150 ni pungufu ya mechi mbili za mpira tunazozitazama tumekaa.

Sitaki niwadanganye kwamba mbio zimeniponya. Nilikuwa nikimeza vidonge viwili, sasa nameza kimoja, na aliyenipunguzia ni daktari, si mimi mwenyewe. Mwaka 2023 nilikwenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Kile kilima cha kuelekea Mweka nilikipanda nusu kwa kutembea, nikapitwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiimba. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Nilifurahi kuliko siku ya picha ile, maana siku ile sikujua kwamba kukimbia ni kitu kinachoweza kunipotea.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Kesho saa 11 na nusu alfajiri zahanati ya shule itafunguliwa; Katibu ameshapanga, na presha itapimwa bure. Watakaoruhusiwa tutakutana getini saa 12 kamili. Tutateremka mpaka darajani na kurudi, njia ile ile. Hakuna saa ya kupimia wala mshindi. Sharti ni moja: atakayeshindwa kuitikia wimbo, atembee. Wadogo zetu mnakaribishwa, ila msituache.

Kwenye mstari wa mbele, nafasi ya pili kutoka kushoto tutaiacha wazi.